Risasi Bila Bunduki

Kornelia Gawlik anaingiza mikono
katika glavu nyeusi za sanduku la kioo.
Humo hakuna hewa yetu, ni nitrojeni tupu.
Glavu ni pana, zilikatwa kwa kipimo cha mwanamume;
anashika kibano
kama anayemvisha mtoto nguo kupitia dirishani.

Sesiamu, bati, iodini:
utando mweusi, unaomeza mwanga
kama mashimo ya makaa chini ya mji huu wa Silesia.
Punguza iodini, ongeza bromini,
weusi unalegea: hudhurungi,
kutu,
kiini cha yai.
Pengo limepanuka. Mwanga mwekundu uliovuka jana
leo unasimama ukingoni, hauna nauli.
Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kukaza na kulegeza,
nukta kwa nukta, hadi fuwele ikubali.

"Rudi kwenye risasi," anasema Profesa Pytlik,
akimenya yai lake la saa nne.
"Risasi ni tiifu. Bati lina kisirani."

Hakosei. Bati halijui kufunga mlango:
oksijeni ikibisha hodi,
linagawa elektroni mbili ambazo halikupaswa kugawa.
Ufa mmoja kwenye mpira, usiku mmoja,
na asubuhi utando umepauka.

Lakini risasi.

Mama yake, Adela, alikuwa na miaka sita,
dirisha lao likitazamana na bomba la kiwanda.
Watoto walichora nyuso kwenye vumbi la vioo,
kisha wakalamba kidole.
Ufizi wake ukapigwa mstari wa buluu.
Darasa la pili alilisoma mara tatu.
Hadi leo dukani anahesabu chenji mara nne,
na bado anaomba radhi.

Lugha ninayoiandikia ina neno moja
kwa madini hayo na kwa kitokacho mtutuni.
Sikutafuta tamathali. Niliikuta.

Sampuli ya arobaini na moja:
safari hii ametia floridi ya bati,
kidogo tu, kama chumvi ya mgonjwa.
Kioo kinazunguka, kinapashwa moto, kinapoa.
Asilimia sita. Wenye risasi wanazidi ishirini.
Anaandika sita, bila kupamba.

Jumapili anampelekea mama boksi la vioo vilivyokufa,
vimefungwa kwenye nailoni.
Adela anakiinua kimoja kwenye mwanga wa jikoni.
"Hiki mtoto akikilamba?"
"Hatujui vizuri. Bado tunapima."
Mama anatikisa kichwa; jibu hilo
hakuna aliyewahi kumpa mama yake yeye.

Anavipanga juu ya kitambaa cha meza,
anavihesabu, anavihesabu tena.
"Arobaini," anasema. "Samahani, nimekosea."

Kornelia anahesabu.
Ni arobaini.
Kimoja amekiacha sandukuni,
siku ya tatu sasa,
bado cheusi.