Herufi Mbili

Jumanne asubuhi, mashine ya kufulia haijapata moto,
Wiesiek alipita dirishani na bisibisi mkononi.
Sikumuuliza aendako.
Kwenye maegesho kuna kibao kimoja tu chenye skrubu nne,
na ukuta nyuma yake una matundu kama chujio.

Miaka ishirini na miwili nafua jezi za Iskra.
Nimefua matope ya makocha kumi na watatu.

Huyu, Zenon Pyrek,
alikuja Julai akinukia dawa ya kuchua na matumaini,
akatushika mikono sote, hata mimi mwenye povu hadi kiwiko,
akauliza jina langu, na kesho yake akalikumbuka.
Mechi tano hatukufungwa.
Gerard wa bucha akawa anampa soseji bure.
Wachimba makaa wastaafu, ambao mgodi ulifungwa
lakini vifuani mwao bado umo,
wakasema: safari hii tumepata mtu.

Halafu ikaja Oktoba.

Mimi sijui mpira. Najua nguo.
Timu inayoshinda huchafuka kifuani na magotini,
inayoshindwa huchafuka makalioni.
Kufikia Novemba nilikuwa nasugua nyuma tu.

Mwenyekiti akasikika kwenye redio ya mkoa
akisema ana imani kamili na kocha.
Nilizima pasi nikakaa.
Wote waliopita hapa niliwasikia wakiaminiwa hivyo,
kikamilifu,
na hakuna aliyevuka wiki mbili.

Jumamosi, theluji nyepesi, nne bila, nyumbani.
Nilichungulia kupitia mlango wa wachezaji:
vijana wakilitazama benchi
kama mtu anavyoitazama saa ya ukutani iliyosimama,
naye yuko pembeni mwa mstari, kola imesimama,
akipaza maneno ambayo upepo uliyala njiani.
Jukwaa la mashariki halikuzomea.
Afadhali lingezomea, kuzomea kuna joto.
Waliinuka mmojammoja dakika ya sabini,
wakakunja mito yao ya kukalia,
wakaenda kuwahi supu.
Kibarua kilishaota nyasi,
na kila mtu aliziona zikirefuka isipokuwa yeye.

Au aliziona.

Leo saa nne kaja kwa mlango wa nyuma,
koti la klabu mkononi, limekunjwa kama la dukani.
"Lina unyevu kidogo," akasema, "samahani."
Akauliza hali ya goti langu.
Akasimama akitazama mashine inavyozungusha soksi,
nyekundu, nyeupe, nyekundu,
kama mtu aliye kwenye foleni.
Nilimpa chai, akainywa yote, na moto wake.
Kisha, mkono uko kwenye kitasa:
"Bogumila, lile suala la kona, nilikuwa sahihi."
Nikamwambia ndiyo.
Sijui ni suala gani la kona.

Sasa nimekaa chini ya taa na wembe,
nafumua Z, kisha P,
kifuani, upande wa moyo.
Uzi wa njano hautesi ukishaupata mwanzo wake.
Chini ya herufi kitambaa bado ni cheusi ti,
kwingine kote jua limeshakula.
Na ukikiinua kwenye mwanga
utaona vitundu vya sindano, vya Z na P,
na katikati yake vya R, vya M, vya yule T
aliyetuokoa tusishuke daraja
na wakamtimua Mei hiyohiyo, keki haijakatwa.

Mchana wamepiga simu kutoka ofisini.
Anayekuja ana mabega mapana zaidi,
herufi zake ni J na W.
Wameniomba nizishone imara.

Nimeshachagua uzi.
Nitazishona kama nilivyowashonea wote,
kwa mishono mirefu,
ili siku ya kufumua
kitambaa kisiumie.