Mizani ya Fontelha

Usiandike kwamba saa ilisimama kwa huzuni.
Ilisimama Jumanne moja, saa kumi na dakika kumi,
kwa kuwa Adérito alishikwa na mafua
na hapakuwa na mwingine aliyejua kuitia ufunguo.
Treni zilipita chini yake miaka sita zaidi
na hakuna aliyechelewa kuliko kawaida.

Reli ilifika mwaka babu alipooa.
Walipasua mlima kwa baruti, wakajenga stesheni ya mawe,
wakaipamba kwa vigae vya buluu
vyenye wachuma zabibu wanaocheka.
Hapa hapajaota zabibu. Hapa ni viazi, mbuzi na baridi.
Lakini padri alivibariki vigae vyote, pamoja na uongo wake.

Kisha daraja la tatu likaanza kututoa:
kwanza waendao Ufaransa kujenga nyumba za watu,
masanduku ya kadibodi, kamba ya katani;
halafu wanajeshi.
Zeferino, mwana wa mwoka mikate,
alipelekwa kupigana Msumbiji,
jina ambalo mama yake alilitafuta
kwenye kalenda ya kanisa, akidhani ni mtakatifu.
Alirudi ndani ya zinki, kwa treni ya mizigo,
na karani, kwa kufuata kanuni, akampima.
Kilo mia na nane. Risiti ipo.

Deolinda alilinda kivuko,
bendera kwapani, tarumbeta shingoni.
Barua ya kufunga reli ilisema "kwa muda".
Barua hiyo sasa ina miaka thelathini na mitatu,
imeshamzika aliyeitia saini.
Naye bado, akivuka kwenda kwa mbuzi wake,
hutazama kushoto, hutazama kulia.
Mcheke, atakuuliza wewe una hakika gani.

Vyuma vilichukuliwa usiku, na watu wenye karatasi halali.
Mataruma tuliyachoma sisi,
majira mawili ya baridi mkate ukanuka lami.

Mizani tu iliwashinda: imeng'ang'ania sakafu.
Jumamosi tunapimia viazi pale,
na Agosti wajukuu wa Ufaransa
huipanda wakisukumana, wakicheka kwa lugha yao.
Inapunja kilo mbili, tangu enzi za Adérito.
Kila mtu hapa anajua, huziongeza mwenyewe.

Mia na kumi, alikuwa akitusahihisha mama yake Zeferino.
Mia na kumi.