Kura Kumi na Moja

Mimi ndiye niliyezihesabu, mara tatu,
usiku ule wa Novemba, boila la ukumbi limezimika,
vidole vyangu ganzi tupu.
Kumi na moja.
Remy Levasseur, umri miaka ishirini na miwili,
amempiku mzee Haskell wa duka la vyuma
aliyekikalia kile kiti tangu nikiwa na meno yangu yote.

Alikuja kuapa na koti la marehemu babu yake,
mikono yake imemezwa hadi kucha.
Nikamwambia: inua mkono wa kulia.
Akainua wa kushoto.
Sikucheka. Karani hacheki.
Niliandika tu kitabuni: ameapa.

Hakutuletea mapinduzi.
Alituletea shimo.
Shimo la Barabara ya Mto, mkabala na kiwanda cha karatasi kilichofungwa,
lililokwisha kuvunja ekseli nne na mkono wa mtoto mmoja wa baiskeli.
Alilipima kwa rula ya shule kila Jumatatu,
akalipiga picha, akazibandika picha ukutani mwa baraza
kama mzazi anayeandika kimo cha mwanawe mlangoni.
Mwezi wa sita wenzake wakaliziba,
wamechoka kuliona likikua.

Ndipo watu wakaanza kumsimamisha.
Kwenye foleni ya maziwa. Kwenye mazishi.
Hata kwa kinyozi, wembe shingoni,
mtu akimsimulia habari za mtaro wake,
naye akiitikia kwa nyusi.

Hotuba zake? Mbovu.
Nasema kwa kuwa nilizinakili neno kwa neno:
alianza sentensi asijue itatokea mlango gani.
Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, akiahidi halali.
Majira ya ile theluji kubwa nilimwona saa kumi alfajiri
akisukuma koleo mbele ya nyumba ya Bi Thériault,
ambaye hakumpigia kura
na alimweleza hivyo kupitia tundu la barua.
"Najua," akasema. "Mko mia nne na sita."

Kiti cha jimbo kilipobaki wazi
bibi yake, Mémère Odile, alilamba bahasha elfu mbili
hadi akaapa kwa Kifaransa hataonja tena kitu kinachonata.
Mbwa wawili walimuuma Remy. Mmoja, nasikia,
alikuwa wa mwanachama wa chama chake mwenyewe.
Akashinda kwa mia tatu. Akaenda Augusta,
na safari hii koti lilimkaa.

Kule wakampa kiti cha nyuma kabisa
chenye vitufe viwili, cha kijani na chekundu.
Na hapo, ndugu yangu, barabara haina rula.
Ikaja kampuni kutoka mbali: itafufua kiwanda,
ajira themanini, msamaha wa kodi miaka kumi,
na maji machafu, kidogo tu, mtoni, usiku.
Mjomba wake Gérard alikuwa ameshanunua viatu vya kazi.
Viliwekwa mezani siku ya chakula cha Jumapili,
bado na karatasi ndani,
na hakuna aliyeviondoa.

Akabonyeza chekundu.
Muswada ukaanguka kwa kura mbili.

Wanasema ukubwa jalala. Basi nimeliona jalala likijaa:
maneno ukutani mwa nyumba ya mama yake,
Gérard kuhama benchi kanisani.
Leo mezani kwangu zimelala fomu za mpinzani,
saini kwa saini, nizihakiki.
Naijua miandiko hii. Huu wa Bi Thériault,
ambao nashangaa. Huu, mzito,
uliochimba karatasi, ni wa Gérard.

Saa tatu usiku simu ikalia.
"Ziko ngapi?"
"Unajua siruhusiwi kusema."
Kimya. Nikasikia ofisi yake tupu,
mashine ya kahawa ikikoroma.
Kisha, kwa sauti ya yule mvulana wa mkono wa kushoto:
"Barafu imeyeyuka huko? Shimo limefunguka tena?"
Nikachungulia dirishani.
"Limefunguka."
"Rula iko kwenye droo yako," akasema. "Ya chini."