Wiki ya Sita

Kila asubuhi Dokta Ruuskanen huja na neno lile lile:
bado.
Ukuta wa mfuko haujakomaa.
Kuutoboa leo, anasema, ni kudunga karatasi mbichi.

Basi tunangoja, mimi na Oiva na lile dimbwi
lililotuama nyuma ya tumbo lake,
maji ya kongosho lililojitafuna lenyewe usiku mmoja wa Desemba
kwa sababu ya kijiwe cha nyongo, punje ya shayiri tu.
Jirani wa ghorofa ya pili aliuliza, "Pombe?"
Nikasema, "Jiwe." Hakuniamini.
Nikapokea supu yake, nikafunga mlango.

Dirishani, ziwa Kallavesi limeganda.
Pale, miaka arobaini, mume wangu alitoboa barafu kwa keke
akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kimya, mgongo kwa mji.
"Ya kidole usikanyage," hunionya.
"Ya shibiri, pita hata na farasi."
Sasa tumbo limevimba, shingo imenywea,
uji vijiko vitatu, cha nne kinarudi.
Mvumilivu hula mbivu. Sawa.
Mvumilivu wangu hali kitu.

Jumanne, homa.
"Limeiva," daktari akasema, na safari hii akaketi.
Hakuna kisu. Alinichorea nyuma ya karatasi ya mlo wa wagonjwa:
mpira mweusi wenye jicho na sikio
unashuka kooni, unafika tumboni, unatega sikio ukutani
kama mpangaji anayepeleleza ya chumba cha pili.
Unatafuta maji. Unakwepa mishipa ya damu.
Kisha moto kidogo, tundu,
na kibomba cha nyavu za chuma chenye kiuno cha ngoma
kinachobana kuta mbili zisiachane.
"Na hayo maji yataenda wapi?"
"Tumboni. Halafu njia ya kila mlo."
Nikacheka, sijui kwa nini.
Njia ilikuwapo siku zote. Ilikosa mlango.

Dakika arobaini. Nilihesabu viatu vilivyopita koridoni,
nikapotea kwenye sitini na kitu.
Muuguzi Tuulikki akatoka, glavu moja bado mkononi:
"Yametoka kama chai iliyosahauliwa jikoni. Na vipande."
Sikutaka kujua. Nilitaka kujua yote.

Haijaisha. Ijumaa watapita mlango ule ule
kuchokoa nyama iliyokufa, kidogo kidogo, kwa kikapu cha waya.
Huenda na Jumatatu. Huenda na nyingine.

Jioni akafumbua macho, sauti yake msumeno butu.
"Barafu," akasema.
Nikadhani ni kiu, nikamletea kipande kwenye kijiko.
Akakigeuzia uso, akanyoosha kidole dirishani:
"Leo ina unene gani?"

Nikainua mkono mbele ya macho yake,
nikatanua vidole mpaka vikauma.