Huyu Si Yeye

Dona Erminia hufika Jumamosi soko la Kenya
kabla vumbi jekundu halijaamka.
Haulizi bei. Anamwinua makayabo wangu kwa mkia,
anamkunja, anamnusa, anamrudisha.
«Huyu si yeye.»

Yeye ni nani? Mwaka wa tatu namuuliza.
Mnene kama kiganja, asema, mweupe
kama shuka iliyoanikwa. Kwao, Viana,
mama yake alimloweka siku mbili
akimbadilishia maji kama mtoto nepi.

Zeituni zake zinavuka Kasumbalesa ndani ya kopo.
Mafuta yake huja na wageni, yamevishwa soksi.
Giligilani anapanda mwenyewe, Bel-Air,
kwenye ndoo ya rangi.

Siku moja nilitamka *meza*, akageuka:
neno hilo la kwetu!
Chukua, nikamjibu, hilo sitozi.

Desemba, umeme umekatika siku nne,
friji yake inavuja,
akanunua wangu wawili, wembamba, wenye miiba.
Loweka, mwaga, loweka tena, nikamwelekeza.
«Unanifundisha mimi?»

Jumapili mtoto akaniletea bakuli:
viazi, yai, vitunguu,
zeituni moja, nimeihesabu.
Nikala na bukari, kwa mkono.
Mama yangu alipika hivyo hivyo,
ila kwa mawese, na bila yai,
na sijui kwa nini nililia.

Jumamosi akarudi.
Akamwinua mwingine kwa mkia, akamnusa.
«Huyu si yeye,» akasema,
akafungua pochi. «Nifungie watatu.»