Shingo Ishirini na Sita

Kikokotoo cha Matúš kilipotea Jumanne,
kipindi cha tatu, theluji ingali imeng'ang'ania dirishani,
darasa likinuka soksi mbichi na chai ya matunda.
Kipya. Zawadi ya shangazi aliyeko Vienna.
Alisema tu, "Hakipo."
Hakumtaja mtu.

Hakuna aliyemtaja mtu.
Ila niliziona shingo zikigeuka
polepole, kama alizeti, bila kuambiana,
shingo ishirini na sita
(yangu sikuihesabu)
kuelekea dawati la pembeni, karibu na mlango,
anapokaa Vanesa Žigová.

Nilikuwa na chaki mkononi. Mada: asilimia.
Ningeweza kupekua mikoba. Ndivyo tulivyofanya mwaka jana:
tukaanza na mkoba uleule, tukaishia na mkoba uleule,
tukasema tumepekua darasa zima.

Nikafuta ubao.
"Nani kaiba, siulizi," nikasema.
"Nauliza nani kageuka."

Kimya. Bomba la joto likagonga ukutani, ko, ko.
Filip akajitetea: nilikuwa naangalia nani anaingia.
Mlango ulikuwa umefungwa, Filip.
Simona akasema, mama husema Waroma wa ng'ambo ya reli...
akaikata sentensi katikati,
ikabaki ikining'inia kama soksi kwenye bomba.
"Mama yako anamjua Vanesa?"
"Hapana," akasema. "Anawajua wao."

Tukaanzia hapo, kwenye "wao".
Wao ni wangapi? Nani aliwahesabu, na alisimama wapi akihesabu?

Ondrej akanyosha mkono, yule asiyekubali jibu la bure:
"Mwalimu, shingo haikumwibia mtu kitu."
Kweli. Shingo hutangulia tu.
Nyuma yake huja mkono:
mkono wa muuza duka unaomfuata kwenye rafu ya biskuti;
mkono uliogonga muhuri kwenye faili la kaka yake,
akapelekwa shule ya wasioweza,
kwa kuwa alijibu maswali kwa lugha ya nyumbani kwao;
mkono uliompangia msichana dawati la mlangoni
kabla hajafungua kinywa.
Ile ya shingoni ni dhana. Ile ya mkononi ni ubaguzi.
Moja haina sauti. Nyingine ina muhuri.

"Dawati alipangiwa na nani?" Ondrej akauliza.

Kuna maswali unayaona yakija kwa mbali
na bado miguu inakataa kukupisha.
Mimi, nikasema. Ramani ya madawati imo kwenye droo,
mwandiko ni wangu. Nilidhani...
Nilidhani nini? Kwamba atakuwa anachelewa?
Hajachelewa hata siku moja.

Hapo Vanesa akasimama.
Si kwa hasira; hasira ningeipokea.
Zipu ya mkoba wake ilikuwa wazi.
"Hata mimi nilitazama," akasema.
"Matúš aliposema hakipo, nilijua sikukigusa.
Lakini niliingiza mkono humu mpaka chini,
nikahakikisha."

Kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka.

Kikokotoo hakijapatikana hadi leo.
Wengine walitaka kipatikane mfukoni mwa Matúš mwenyewe,
tucheke, tusameheane, tugeukie ukurasa wa hamsini.
Hakikupatikana.
Shaka haikuulizwa ushahidi ilipoingia;
sasa inaudai ndipo itoke.

Jumatano nilifika mapema, nikasukuma madawati,
miguu ya chuma ikikwaruza sakafu, hadi yakawa duara.
Nikagundua hata duara lina upande wa mlango,
lazima mtu aukalie.
Nikaweka kiti changu pale.

Kuna upepo pale. Hupenya chini ya mlango,
hupanda taratibu hadi magotini.
Tangu Septemba, miezi mitano,
na mimi sikuwahi kumwuliza
kama anasikia baridi.