Tangazo la Supu

Loredana, ile kanda bado inazunguka.
Nimeipangusa vumbi kwa mkono wa sweta,
nikaisukuma ndani ya mashine ya baba. Ikakohoa,
kisha ikamtoa yule sungura wa rangi ya chungwa
aliyeendesha treni pasipo reli.

Unakumbuka? Baba alikaa kidole juu ya kitufe.
Matangazo yakija, anakata.
Sungura akirudi, anaachia.
“Sitaki wanangu wauziwe sabuni,” alisema,
naye ndiyo kwanza katoka zamu ya usiku,
viganja vikinuka mpira wa matairi.

Ila kanda hii, dakika ya kumi na saba,
hakukata.
Supu ikaingia na mvuke wake,
mama wa aproni ya bluu, watoto wanne wenye meno mazuri,
na kile kiwimbo cha kipuuzi
tulichokiimba hadi kwenye ngazi, hadi Bi Ersilia
akagonga ukuta kwa mpini wa ufagio.
Zikafuata biskuti. Likafuata gari jekundu.

Leo theluji inaanguka Torino, nyumba imeshauzwa,
na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili,
ndiyo kwanza naelewa:
alikuwa amelala.
Kidole kimeteleza, kidevu kifuani.

Hatuna picha yake hata moja akiwa amepumzika.
Tunayo supu.

Narudisha nyuma. Natazama tena
dakika mbili na nusu
za usingizi wa baba.